Ndama Asiyekwenda Choo

Hakorimana wa Bihambwe alikuwa na dharau ya kutosha kijiji kizima, na ingebaki nyingine ya kupeleka sokoni. Aliwadharau wakulima wa viazi kwa sababu viazi havipigi teke. Aliwadharau wafuga mbuzi na wafuga nguruwe, na kuku hakuona hata haja ya kuwataja. Kwake yeye mnyama alikuwa ng'ombe. Wengine wote walikuwa wanajaribu tu.

Tumpe haki yake: mikono alikuwa nayo. Ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma, ndama aliyekataa titi, ndama aliyevimba, wote waliletwa kwake au aliitwa kwao, kilima hadi kilima. Hasa ndama aliyefunga choo. Huyo alimchemshia majani ya mubirizi, machungu ya kumtoa mtu mzima machozi, akatia chumvi na kipande cha sabuni, akamnywesha kwa chupa ya bia, kisha akakaa chini kusubiri. Siku tatu bila choo, alisema, ya nne ni kaburi. Kanuni hiyo haikumwangusha hata mara moja kwa miaka thelathini. Siku moja agronomu, bwana shamba wa serikali, alikuja na pikipiki na daftari kumwelimisha, na Hakorimana akamuuliza kama amewahi kuingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka kwapani. Bwana yule alitazama saa yake akaondoka. Hakorimana aliisimulia habari hiyo miaka kumi, na kila mwaka pikipiki ilizidi kuwa kubwa.

Mwaka 1999 wenye bunduki waliingia Bihambwe saa nne asubuhi, mchana kweupe. Usiniulize walikuwa kundi gani. Masisi na Walikale, huku mashariki ya Kongo, siku hizo zilikuwa na majeshi mengi kuliko shule, kila moja na muhuri wake, na kila moja lilikuja kukukomboa kutoka kwa lile lililokukomboa juzi. Walikusanya ng'ombe kumi na tisa. Kwa kuwa katika mashujaa wote wale hakuwapo hata mmoja aliyejua kumvusha ng'ombe mto, walimchukua na Hakorimana. Mke wake, Dancille, alikuwa ametangulia na watoto kukimbilia Bweremana, kando ya ziwa. Hakorimana alijua mkewe yuko wapi. Dancille hakujua kama ana mume au ni mjane.

Walitembea siku tisa, kutoka kwenye majani ya vilima mpaka ndani ya msitu wa Walikale, mahali ambapo jua huonekana vipande vipande na ng'ombe hana cha kutia mdomoni. Huko kambini wakombozi waliwala ng'ombe mmoja baada ya mwingine, wenye maziwa na wenye mimba bila kuchagua, na hilo lilimuuma Hakorimana kuliko kutekwa kwenyewe. Baada ya miezi minne alibaki mmoja, Gaju, jike mwekundu. Aliponea kwa sababu Komanda alipenda chai ya maziwa.

Komanda huyo alijiita Radi. Jina alijipa mwenyewe, na cheo pia. Kabla ya vita alikuwa akipanda juu ya malori kulinda mizigo, akafukuzwa kwa sababu mizigo ilikuwa ikipungua. Sasa alikuwa na kiti cha plastiki chini ya turubai, na watu wazima waliomba ruhusa kwake kwenda kukojoa.

Siku moja askari waliokwenda kuwinda walirudi na mnyama mdogo amefungwa miguu. Walimkuta amejikunja katikati ya mizizi ya mti mkubwa, kimya kabisa. Mama yake alijitokeza akipiga ardhi kwa kwato, wakafyatua risasi, akatokomea. Walisimulia kana kwamba wameteka mji. Walikuwa wanaume tisa wenye bunduki, na adui yao alikuwa na umri wa wiki moja.

Alikuwa mtoto wa okapi. Kwa asiyemjua, okapi ni ndugu wa twiga ambaye hakupenda kuonekana. Anaishi katika misitu ya Kongo tu, si kwingine duniani, na hata humo unaweza kuzeeka bila kumwona. Hakorimana alimzunguka mara mbili kama mtu aliyeletewa shati lililoshonwa vibaya. Mwili ulikuwa wa kahawia iliyoiva mpaka karibu na weusi, mapaja na miguu ina michirizi myeupe, masikio makubwa kuliko kichwa kilivyostahili, na mgongoni mstari wa nywele zilizosimama. Kisha mnyama akatoa ulimi, mrefu, wa rangi ya wino, akajilamba jicho.

"Fundi alichoka katikati," Hakorimana alisema.

Komanda, ambaye kila mnyama alimwita nyama, hakucheka. "Papa ya ngombe, sikia. Kuko mutu wa Goma anataka hii nyama, lakini anaitaka muzima. Ndege itakuja kisha wiki tatu. Ikikuta iko muzima, nakupa karatasi, unapita barrière zote mpaka kwa bibi yako Bweremana. Ikikufa, utabaki hapa mpaka nywele ikuishe."

Bila karatasi hakuna mwanamume aliyetoka msituni akafika ziwani. Vizuizi vilikuwa saba, na waliovilinda waliuana Jumatatu, lakini Jumanne walisomeana karatasi na mihuri kama makarani. Asiye na karatasi alibebeshwa masanduku ya risasi, au alibebeshwa jembe akachimbe kaburi lake. Kwa hiyo uhai wa Hakorimana, na usingizi wa Dancille, vilikuwa vimelala pale chini vimefungwa miguu.

"Komanda," alijibu mbele ya watu wote, "miye sijapotezaka mutoto ya ngombe hata moja. Hii itanishinda?"

Mtu mmoja aliguna. Alikuwa Mama Généreuse, mwanamke wa msitu uleule, binti wa mtega mitego, aliyekamatwa akienda shambani kwake na kufanywa mpishi wa kambi. Yeye pia alikuwa mtu wa dharau. Tofauti ni kwamba yake ilikuwa na sababu.

Siku mbili za kwanza Hakorimana alifanya kazi nzuri, sitamnyima. Alimnyonyesha kidole kilichochovywa kwenye maziwa ya Gaju, akateremsha kidole taratibu ndani ya bakuli, mpaka mnyama akanywa mwenyewe. Hakuna mwingine kambini ambaye angeweza. Lakini kila akimaliza alimsimamisha, akamtembeza, akampapasa. Mama Généreuse, akimenya mihogo, alishindwa kunyamaza.

"Papa, mwache alale. Mutoto ya okapi inalala tu. Mama yake anaifichaka pahali moja, anaenda kula mbali, anarudia kuinyonyesha mara mbili, tatu, basi. Haitembee."

"Ngombe anatembea na mutoto wake siku ya kwanza."

"Hii haiko ngombe."

"Ndiyo ninaona. Ingekuwa ngombe, ingekuwa na akili."

Mama yule hakuchoka. Kwa siku kadhaa, huku mikono yake ikimenya, alimweleza yote aliyoyaona na baba yake. Kwamba okapi hatembei kundi. Kila mmoja na njia zake, na kwato zake huacha kitu cheusi kinachonata kama lami, ili mwenzake ajue nani amepita. Kwamba jike ni mkubwa kuliko dume, na pembe ni za dume. Kwamba ngozi yake ina mafuta, mvua inateleza tu. Kwamba anakula majani ya miti mingi sana, mengine ya kumuua mbuzi, kisha anakwenda kutafuna makaa ya mti uliopigwa na radi na udongo wa kingo za mto, tumbo likatulia. Kwamba mama na mtoto wanaitana kwa sauti ambayo mtu haisikii: baba yake alikuwa anaona tu masikio ya mtoto yameinuka, na mara mama huyu hapa. Kwamba adui yao ni chui.

Hakorimana alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Watu wasiofuga hata mbuzi, aliwaza, wanifundishe mimi mnyama.

Jambo lililomsumbua lilikuwa jingine. Mnyama hakwenda choo.

Siku ya tatu hakwenda. Siku ya tano hakwenda. Hakorimana aliamka alfajiri akachambua majani ya kulalia kwa mikono miwili, hakupata hata punje. Siku ya tisa kanuni yake ilikuwa imevunjwa mara tatu, na mnyama alikuwa anakunywa, anacheza na kamba, anajilamba macho. Mkojo ulitoka vizuri. Hakorimana alimlaza akambonyeza tumbo. Tumbo la ndama aliyeziba hukaza kama ngoma. Hili lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Hii ndiyo aibu yenyewe na sitaificha: mkono wake, mkono uleule ulioaminiwa na vilima vyote, ulimwambia mnyama ni mzima, na yeye akaunyamazisha. Kanuni yake ilikuwa inajulikana na watu. Mkono ulikuwa unajulikana na yeye peke yake.

Mama Généreuse alimwona akichuma mubirizi nyuma ya jikoni, akaacha sufuria.

"Ile dawa ni ya nani?"

"Ya huyu. Tumbo imefunga."

"Haikufunga, Papa. Hii mutoto haitoake mavi mpaka mwezi moja, hata mbili. Iko inalala pahali pamoja siku zote. Ikitoa mavi pale, chui atasikia harufu, ataikula. Ni vile imeumbwa."

Hakorimana alicheka mpaka akaweka majani chini. "Mwezi! Mutu ya kuishi mwezi bila kwenda choo, hata mutakatifu hawezi. Mama, weye ulisha kukamua nini katika maisha yako?"

"Sikukamua kitu. Niliona."

"Basi endelea kuona."

Alichemsha, akatia chumvi ya jikoni na sabuni ya Komanda, akamnyanyua mnyama kidevu, akamimina chupa nzima. Jioni haikufika. Saa kumi tumbo lilinguruma, mnyama akapanua miguu, na choo kikatoka, kingi, cheusi kwanza, kisha cha manjano.

Ungeona alivyotamba! Aliwaita askari, akawaita mateka wachimba vyoo, akamtoa Komanda kwenye kiti chake cha plastiki. Wakasimama duara, watu arobaini wazima, wanatazama mavi ya ndama. Komanda Radi, ambaye angesahau kupumua kama asingekumbushwa, alimpiga bega akasema, "Papa, weye uko docteur." Hakorimana aligeuka amtafute Mama Généreuse kwa macho, akamwona amesimama kando na kijiko mkononi. Akamwonyesha kile kinyesi kwa kidole.

"Mwezi moja imefika?" alimuuliza, na kambi nzima ikamcheka mama yule.

Kesho yake choo kilikuwa maji. Hakorimana alisema ni uchafu wa zamani unatoka. Mchana kilikuwa maji yenye damu, naye akapiga magoti kumfinya mnyama ngozi. Alijua vizuri mno anachokiona. Hakuna mtu katika Walikale nzima aliyejua kama yeye kuhara kunavyomla ndama: macho yanazama, masikio yanapoa, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Alimpa maji ya chumvi na sukari, akamfunika kwa gunia, akamkumbatia apate joto. Mama Généreuse aliletwa na huruma, si kwake, kwa mnyama. Alileta makaa yaliyosagwa ndani ya maji, kama okapi wakubwa wanavyojitibu. Safari hii Hakorimana alipokea kwa mikono miwili. Mnyama alikunywa kidogo, yakamtoka puani. Siku iliyofuata, kabla ya saa sita, aliinua masikio yote mawili kuelekea msituni, akabaki hivyo kitambo, kisha yakaanguka.

"Uliita watu waone mavi yake," Mama Généreuse alisema. "Sasa uwaite waone na hii."

Hapakuwa na haja ya kuwaita, walikuja. Komanda alisukuma mzoga kwa ncha ya kiatu. Akauliza nani amemlisha nini, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mpishi, kwa sababu mtu wa aina ile akitafuta mkosaji huanza na aliye dhaifu. Askari wawili walikuwa wamekwisha kumshika mama mikono.

Hakorimana alikuwa na uongo tayari mdomoni. Ulikuwa mfupi na mtamu: makaa. Mama amempa makaa, watu wameona. Jina lake lingebaki safi vilima vyote, na pengine karatasi angeipata. Sijui kilichomzuia. Hakuwa mtu mwema kiasi hicho. Nadhani ni yale masikio.

"Ni miye," alisema. "Huyu mama aliniambia tangu mbele. Nilimucheka. Niliua mutoto ya nyama na dawa ya ngombe."

Watu wa kambi walisogea kando kungoja risasi. Komanda alimtazama, akaanza kucheka, akarudi kuketi, akacheka mpaka kiti kikalia. Mtu wa Goma, ilijulikana baadaye, alikuwa ameshatuma habari kwamba hataki tena okapi, anataka kasuku. "Nilikushika hapa sababu unajua mitoto ya nyama," alisema akijifuta macho. "Kumbe hata ile haujue. Ya nini nikulishe? Mama Généreuse atakamua ile ngombe. Umufundishe, kisha utoke mbele yangu."

Alimfundisha asubuhi moja tu. Alimwonyesha jinsi ya kuosha titi, kushika kwa vidole vyote, kubana kutoka juu bila kuvuta. Mama Généreuse alijifunza kwa makini, akauliza alipokuwa hajaelewa, akarudia mpaka maziwa yakaja. Hakumjibu hata mara moja kama yeye alivyojibiwa habari ya okapi. Hakorimana aliona hilo, na lilimkaa kifuani kuliko vicheko vyote.

Karatasi alipewa hata hivyo, yenye muhuri wa bluu. Katibu wa kambi aliiandika huku Komanda akitamka, na askari walishikana mabega kwa kucheka, lakini Hakorimana alikuwa amewekwa mbali langoni. Kusoma hakujua, kusoma nako alikuwa amekudharau maisha yake yote. Aliikunja akaitia kifuani, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyepewa cheo.

Kwenye kizuizi cha kwanza ndipo aliposomewa. "Mwenye hii karatasi ni mujinga. Tulimupa mutoto ya okapi, akaiua na dawa ya ngombe. Haina faida kwetu, haitakuwa na faida kwenu. Apite." Askari aliisoma mara mbili, akawaita wenzake, akaisoma ya tatu. Hakorimana alinyoosha mkono aichane. Kisha akawaona wanaume watatu wasio na karatasi, wamekaa kwenye tope mikono imefungwa nyuma, hawamcheki hata kidogo. Akaikunja tena vizuri.

Aliisikia kwenye kizuizi cha pili, cha tatu, cha nne. Kufikia cha tano aliijua kwa moyo. Cha sita kilikuwa Masisi, juu kwenye majani, na wenye bunduki wa hapo walikuwa na ng'ombe wa kuiba zaidi ya ishirini. Kando ya njia palikuwa na ndama mweusi amelala, shingo imenyooka, tumbo limekaza. Hakuhitaji kumgusa. Siku ya tatu, labda ya nne. Na mubirizi umeota palepale kwenye ukingo wa barabara, mashada mawili mazuri, hatua kumi kutoka alipo.

Mlinzi wa hapo hakujua kusoma. Alipindua karatasi, akautazama muhuri, akamrudishia.

"Inasema nini? Weye uko fundi ya nini?" Kisha, akionyesha kwa mtutu: "Unajua ngombe? Yetu zinakufa, tunatafuta mutu."

Mtu waliyekuwa wanamtafuta alikuwa amesimama mbele yao. Aliangalia ndama, akaangalia majani, akaangalia barabara inayoshuka kwenda Sake na ziwani. Akimtibu, ndama atasimama jioni, na yeye hataondoka pale tena. Ndama alitoa sauti, ile ndogo ya koo kavu, ambayo kwa miaka thelathini Hakorimana hakuwahi kuisikia akakaa.

"Inasema miye niko mujinga," alisema. "Ya ngombe sijue kitu. Inasema nipite."

Walimcheka, wakamfungulia mti wa njiani.

Cha saba alikipita vilevile, akafika Bweremana siku ya pili, saa za mchana, Dancille akianika samaki wadogo wa watu wengine kwenye mkeka kwa ujira. Sitaeleza walivyolia, hilo ni lao. Kilio kilipotulia, Dancille, aliyesoma hadi darasa la tano, alikuta karatasi kifuani kwa mumewe, akaikunjua. Alisoma mpaka mwisho. Alijua ni nani aliyeandikwa pale: mtu ambaye Bihambwe nzima ilimwita kabla ya kumwita padri.

"Papa Murekatete," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hawa watu walikusingizia."

"Hapana," Hakorimana alisema. "Iko kweli. Na kuko mutoto ingine ya ngombe, kule njiani, hiyo hawakuandika."